Karamu ya Bi Mkubwa

Wiki iliyopita niliwaacha mkono wangu ukiwa juu ya kibodi na roho yangu ikiwa chini ya meza.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulifungiwa karanga kabla hujanisoma, nakurudisha nyuma kidogo. Endelea kutafuna.

Mimi ni yule kijana niliyefukuzwa duka la simu, nikaachwa na mchumba, nikatolewa chumbani na mwenye nyumba, yote kwa mpigo. Mjomba wangu, mdogo wake mama, akaniokota. Akanipa kochi la sebuleni kwake na kazi chini yake, kwenye chumba cha mashine cha shirika la bima. Kazini wote wananiita Mpwa. Hata fundi wa viyoyozi ananiita Mpwa, na hana dada.

Mashine ni moja, kubwa kama kabati la nguo, lakini ndani yake inaendesha mifumo endeshi miwili. Sisi tunasema ni mume mwenye wake wawili. Mfumo wa zamani ni Bi Mkubwa: ndiye anayetunza madai na malipo ya wateja tangu Mjomba ana nywele. Mfumo mpya ni Bi Mdogo: kaja juzi, hana makuu, hakutolewa mahari. Kila mmoja ana injini zake za kufanyia hesabu, na kati yao kuna ukuta.

Sasa sikia utamu wa leseni. Wenye Bi Mkubwa, yaani kampuni iliyomtengeneza, hawakutozi kwa alichokula mwezi mzima. Wanatafuta yale masaa machache aliyokula kuliko siku zote, kisha wanakutoza mwezi mzima kwa kipimo hicho. Ni kama mwenye nyumba akukute siku moja umejaza wageni, aseme, "Basi kodi ya mwezi huu ni ya hawa wote, pamoja na yule aliyelala jikoni." Bi Mdogo yeye, ale asile, bili haitikisiki.

Ndiyo maana Mjomba alikula kiapo mbele ya Mkurugenzi. Kazi zote ndogondogo zihamie kwa Bi Mdogo, Bi Mkubwa awekewe kizuizi asipitilize, na bili itashuka.

"Na ikipanda?" Mkurugenzi akauliza.

"Ikipanda, Mama, funguo za chumba cha mashine nitaziweka mezani mimi mwenyewe."

Na mimi nikafanya nini? Siku ya mwisho ya mwezi, baada ya chakula, nikaipa mashine kazi ya kucheza drafti.

Msinitukane kwanza. Afande, mlinzi wa getini, alikuwa ananifunga kila siku mpaka nikaanza kuota vizibo vya soda. Ana mtego mmoja, ule ule, na kila siku naingia kama panya asiye na kumbukumbu. Nikatunga programu ndogo, nikaipa mtego huo, nikaiweka kwa Bi Mdogo, nikasubiri jibu. Jibu likaja. Nikaiacha iendelee kutafuta mengine, si ni bure?

Mara mstari mwekundu wa ulaji wa Bi Mkubwa kwenye skrini ukaanza kupanda. Nikaizima drafti. Mstari ukakataa kushuka. Na mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Dada Zamu, mwendeshaji wa mashine, mwanamke anayeweza kukugombeza bila kufungua mdomo. Siku hiyo aliufungua.

"Mpwa, umefanya nini?"

"Mimi? Nimekaa tu."

"Aliyekaa tu hatoki jasho kwenye baridi hii."

Akaitazama skrini. Akaisogelea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, mstari ukawa bado upo pale pale.

"Nani kampikia Bi Mkubwa karamu siku ya mwisho ya mwezi? Na kizuizi kimekwenda wapi?"

"Labda amekivunja kwa shibe."

"Kizuizi hakivunjwi. Kinaondolewa."

"Lakini itashuka, Dada, au sio?"

"Itashuka. Ni wastani wa masaa huo, si bomba kwamba ukifunga maji yanakatika. Ila kilele kimeshaandikwa, na mashine inajishtaki yenyewe kwa wenye leseni kesho asubuhi, kabla wewe hujapiga mswaki."

"Haiwezekani kuibembeleza?"

"Kambembeleze mjomba wako. Yuko wapi?"

"Kajifungia ofisini tangu mchana. Amesema asisumbuliwe, ana kazi nzito."

"Masikini," akasema Dada Zamu. "Anajenga huku mpwa wake anabomoa."

Sikumwambia chochote kuhusu drafti. Lakini alinitazama kama daktari anayejua unapoumwa na anasubiri useme mwenyewe.

Asubuhi yake, nyumbani, Mjomba hakugusa chai. Alikaa mezani akizipangusa funguo za chumba cha mashine kwa kitambaa cha miwani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwogesha mtoto kabla ya kumpeleka kwa wenyewe.

Mkewe alinivuta jikoni.

"Mjomba wako ana nini? Amevaa tai. Mara ya mwisho kumwona na tai tulikuwa tunazika."

"Kuna kikao cha bili, mkaza mjomba."

"Kikao cha bili ndiyo mtu asile? Sikiliza, Mpwa. Mimi mambo ya mashine siyajui. Ila najua kwamba nyumba hii, na shule za watoto, na hilo kochi unalolikoromea, vyote vinaning'inia kwenye zile funguo. Kama kuna mtu kamponza mume wangu, Mungu anamwona."

Chai ikanipalia, ikatokea puani.

"Pole," akasema, akinipiga mgongoni. Akapiga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko chai ilivyohitaji.

Njiani nikaamua kusema. Tulikuwa tunatembea, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake.

"Mjomba, kuhusu jana..."

Akasimama ghafla, nusura nimvae.

"Kuhusu jana," akasema bila kugeuka, "usifungue mdomo. Hukuona kitu, hukusikia kitu. Akikuuliza Mkurugenzi, akikuuliza malaika, wewe hukuwepo. Umenielewa?"

"Lakini Mjomba..."

"Mpwa. Nakuomba."

Ndugu zangu, nusura niudondoshe mkoba. Mjomba anajua! Anajua ni mimi na drafti yangu, na anataka kunifia! Mtu aliyenipa kochi anataka kunipa na kazi yake! Mimi ni mtani, mimi ni mvivu, mimi nimewahi kuuza simu isiyo na betri, lakini nina mishipa ya aibu. Michache, ila ninayo.

Nikaapa moyoni: kabla funguo hazijagusa meza, mdomo wangu utakuwa umefunguka.

Chumba cha mikutano kina meza ndefu na viti vinavyolia ukivisogeza, kwa hiyo huwezi kuchelewa kimyakimya. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza. Ni mama mfupi, sauti yake ndogo, na kadiri anavyokasirika ndivyo inavyozidi kuwa ndogo. Akinong'ona, tafuta pa kukimbilia.

Kulia kwake alikaa Wakala wa leseni. Huyu huja na tabasamu na kalenda. Kalenda anakuachia, tabasamu anaondoka nalo.

"Bili imepanda," Mkurugenzi akasema. Alikuwa ameshaanza kunong'ona. "Nimewaingiza wake wawili ndani ya nyumba ili nipunguze matumizi, na matumizi yamepanda. Mkuu wa mashine, una la kusema?"

Mjomba akainuka. Kiti kikalia. Akatia mkono mfukoni, na funguo zikatoa ule mlio wake.

Nikaruka.

"Mama, si yeye! Ni mimi!"

Mjomba akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Mpwa, kaa chini."

"Sikai, Mjomba. Umenilinda vya kutosha. Mama, jana nilicheza drafti kwenye mashine."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini.

"Umecheza nini?" Mkurugenzi akanong'ona.

"Drafti, Mama."

"Hii ya vizibo?"

"Hiyo hiyo. Nilitaka mashine initafutie namna ya kumfunga Afande wa getini. Bi Mkubwa ameshiba kwa sababu yangu. Mjomba hana kosa. Kama ni kufukuza, nifukuzeni mimi, nimeshazoea, hata mizigo sijaifungua."

Nikasimama wima kama shujaa wa sanamu. Nilijiona mrefu. Nilijiona nikitungiwa wimbo.

Wakala wa leseni akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefungua zawadi.

"Kijana, samahani. Hiyo drafti uliiweka kwa nani?"

"Kwa Bi Mdogo. Lakini nadhani ilimrukia Bi Mkubwa."

"Hairuki. Kuna ukuta. Bi Mdogo ana injini zake, na hizo sisi hatuzihesabu. Ungecheza drafti huko mpaka ndevu ziote mvi, kwetu sisi ni sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri. Kilichotuletea neema mwezi uliokwisha kililiwa chumbani kwa Bi Mkubwa, mlango umefungwa."

"Kwa hiyo... sina kosa?"

"La leseni, huna."

"La kucheza saa za kazi unalo," Mkurugenzi akasema, "na nitalirudia nikipata nafasi. Kaa."

Nikakaa. Kiti kikalia kwa niaba yangu. Nilikuwa nimejivua nguo mbele za watu, nimejitupa kwa mbwembwe zote, kumbe mto wenyewe hauna maji.

Lakini Wakala alikuwa hajamaliza. Mtu wa namna hii, akianza kukusaidia, omba aishie hapo.

"Kuna jambo jingine, Mama. Kile kizuizi cha ulaji kilichowekwa kwa Bi Mkubwa, jana mchana kiliondolewa. Kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

Dada Zamu akaitazama dari. Mimi nikaitazama kalenda. Mwezi huu ina picha ya twiga, na hata twiga alikuwa anatazama pembeni.

"Anayeweza kukiondoa ni mmoja tu," Mkurugenzi akanong'ona.

"Ni mimi," Mjomba akasema. "Kulikuwa na hesabu nzito za madai, Mama. Za dharura."

"Madai ya nini?"

"Ya... mafuriko."

"Mafuriko? Mwaka huu ambao mpaka maua ya mapokezi tunayanyweshea maji ya kununua?"

Mjomba akailegeza tai. Jasho likamtoka, lile lile lililonitoka mimi. Ndipo nikaanza kuhesabu moja na moja. Ofisi imefungwa tangu mchana. Kazi nzito. "Usifungue mdomo." Hakuwa ananilinda mimi.

Hodi ikapigwa.

Aliingia Afande. Aliingia kwa kisogo, akiusukuma mlango kwa mgongo, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imebeba ubao wa drafti. Alikuwa ameushika sawasawa, taratibu, kama aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa mpaka ukingoni. Vizibo vilikuwa vimepangwa juu yake, mchezo ukiwa katikati.

"Samahani sana, Mama. Nimekosea kuingia, najua. Ila zamu yangu imekwisha, na mwenzangu anaitaka meza. Na Mkuu hapa aliniambia jana mchezo usiguswe, hata kizibo kimoja."

"Mkuu gani?" Mkurugenzi akauliza.

Afande akaonyesha kwa kidevu, maana mikono haikuwa huru. Kidevu kilitua kifuani kwa Mjomba, katikati ya tai.

"Ilikuwa zamu yake kucheza. Akasema nisubiri, anapanda juu kutafuta jibu. Nimesubiri tangu jana mchana. Mama, mimi sijawahi kumwona mtu anafikiria hivyo."

Dada Zamu alishindwa. Alijifanya anakohoa, akainamia mkoba wake, mabega yakawa yanacheza ngoma peke yake.

"Mjomba!" nikasema. "Na wewe?"

"Nyamaza, Mpwa."

"Na wewe Afande anakufunga?"

"Nimesema nyamaza!"

"Anafungwa kuliko wewe," Afande akasema kwa upole. "Wewe angalau unashtuka."

Mkurugenzi alikuwa amemkazia macho Mjomba. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo mpaka tukalazimika kuinama.

"Nieleze kama mtoto. Wewe ndiye uliyenishauri nimlete Bi Mdogo. Wewe ndiye uliyesema kila upuuzi uende kwake, kwa kuwa kwake ni bure. Na siku una upuuzi wako mwenyewe, ukaupeleka kwa Bi Mkubwa, ukamfungulia na kizuizi?"

Mjomba akaishika tai yake kama mtu anayeshika kamba ya kisima.

"Mama, nitasema kweli. Kwa Bi Mdogo mimi sijui hata pa kupiga hodi. Vijana ndio wanaomwelewa. Bi Mkubwa nimeishi naye tangu ujana wangu. Nikiwa na jambo la moyoni, miguu inanipeleka kwake yenyewe."

"Maneno matamu hayo," Wakala akasema. "Ningeomba ruhusa kuyaweka kwenye kalenda ya mwakani."

"Wewe kunywa maji," Mkurugenzi akamwambia. Kisha kwa Mjomba: "Na jibu ulipata?"

"Hapana, Mama. Nilipouona mstari unapanda nilikatisha."

"Kwa hiyo nimelipia karamu, na wali haukuiva."

Mjomba akatia mkono mfukoni. Alizitoa funguo, zile zile zilizopanguswa asubuhi mpaka zikang'aa, akaziweka mezani. Niliiona sebule. Niliwaona watoto wake na sare zao za shule. Nilimwona mkaza mjomba akiuliza, "Nani kamponza?" na safari hii jibu halikuwa mimi, na wala sikufurahi.

Nikadhani yameisha. Lakini Mkurugenzi aliuvuta ubao wa drafti mpaka mbele yake. Akautazama kwa kuuinamia, upande huu, upande ule. Akakisogeza kizibo kimoja kilichokuwa kimekaa upande, kikae katikati ya mraba wake. Mkono ule haukuwa mgeni.

"Afande, vuta kiti."

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Mkuu wa mashine, kaa mbele yake. Kesho nasimama mbele ya bodi kueleza bili ya huu mchezo. Angalau nijue uliishaje. Ukimfunga, bili nitaibeba mimi na funguo zitarudi mfukoni kwako. Akikufunga, zinabaki zilipo."

"Mama," Afande akasema, amekaa kwenye ncha ya kiti, "nicheze kweli au nicheze kwa heshima?"

"Cheza kama vile ni mimi nimekaa hapo."

"Basi pole, Mkuu," akasema Afande, akakunja mikono ya shati.

Mkurugenzi akatuzungushia macho sisi wengine.

"Na atakayemnong'oneza, atakayemkonyeza, atakayekohoa, ataondoka naye mlango mmoja. Nimesema kukohoa pia, Dada Zamu."

Nikanyoosha shingo kuuona ubao.

Ulikuwa ni mtego ule ule. Vizibo vile vile, mahali pale pale, kama nilivyomlisha Bi Mdogo jana mchana. Afande ametega upande wa kulia wa Mjomba kete mbili za kuliwa, zimejipanga zinang'aa kama mlo wa bure. Kushoto ameacha moja, ndogo, ya kinyonge. Drafti haina adabu ya mezani; ukiwekewa, lazima ule. Unachochagua ni sahani tu.

Na jibu la Bi Mdogo nilikuwa nalo kichwani, jibu la bure, lisilo na leseni: kula kushoto. Ukila kulia, Afande anafagia ubao mzima na kuvila vizibo vyako vyote kwa mkupuo.

Mjomba akafuta kiganja kwenye suruali. Akautazama ubao. Akazitazama funguo. Akaunyanyua mkono.

Mkono ukaning'inia juu ya vizibo kidogo, halafu, taratibu, kama miguu yake inavyomjua Bi Mkubwa, ukaanza kuelekea kulia.

Akainua macho, akanitazama mimi.

Mkurugenzi naye akanitazama mimi.

Na hapo, ndugu zangu, koo likaanza kuniwasha.